Mbili Fupi, Moja Ndefu

Tangu stesheni ya Isaka, Yasmini, mpiga picha za harusi mjini Shinyanga, alikuwa juu ya bodaboda akilifukuza garimoshi la mvuke lililofufuliwa kwa ajili ya watalii. Kila kivuko cha reli alilitangulia, akalipiga picha, akapanda tena, vumbi mpaka kwenye meno. Enzi zake, marehemu baba yake ndiye aliyeliendesha.

Liliposimama kuongezwa maji, akamwendea dereva, mzee aliyewahi kumchochelea baba moto.

"Shikamoo, baba. Ukikaribia Shinyanga, mpigie mama honi ya marehemu, mbili fupi na moja ndefu. Alikuwa akiisikia anainjika sufuria."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo nitaisahauje?"

Akaipiga, mji mzima ukasikia. Yasmini akakimbilia nyumbani roho kwatu, eti kampa mama zawadi. Zawadi gani, na mama mwenyewe siku hizi hata jina la bintiye humpotea?

Alimkuta kavaa kanga mpya, ugali wa moto mezani, maji ya kuoga uani.

"Baba yako nimemsikia," akasema, macho mlangoni. "Mbona haingii?"

Yasmini akaweka kamera chini, akamshika mikono, akampa taarifa ya kifo cha miaka ishirini iliyopita. Mama akalia kilio cha siku ya kwanza.