Siku Injini Iliponoki Kilimani

Ndani ya gari tulikuwa wanne. Mume wangu kwenye usukani. Kando yake rafiki yake, fundi Mkongomani wa Lubumbashi, anayeniita yaya kwa kuwa kwao ndivyo anavyoitwa dada mkubwa, japo kwa mvi amenishinda. Nyuma mimi na mjukuu wangu, mtoto wa binti yetu, aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, kujibu anajibu atakavyo. Majina yao ninayo yote, na ya mama zao pia, ila wenyewe hawataki kuandikwa, basi.

Tunakaa Bellevue, juu. Wenzangu wa kisomo cha Alhamisi wako bondeni. Kwenda ni mteremko, taabu ni kurudi. Gari letu la silinda nne limenizidi umri, na lilikuwa halina pumzi. Miaka yote tukifika katikati ya kilima mume wangu husema, "Abiria, nauli yako imeishia hapa," nami nashuka, napanda kwa miguu, namkuta juu ananicheka. Kisha magoti yakakataa. Nikamwambia kisomo basi, nitasoma nyumbani. Wiki ile ile akaifungua injini.

Injini za namna ile vali zake zimekaa ubavuni, na hedi ni kama kifuniko tu cha sufuria. Yeye na fundi wakatafuta hedi nyingine, ya kale vilevile, yenye vali juu, zinazosukumwa na vijiti virefu kutoka chini. Walisema hivyo injini inapumua. Mimi nilichojua ni kwamba jikoni kwangu kulinuka mafuta ya taa, na mtu mzima amekaa kwenye kigoda anapekecha vali moja moja kwenye tundu lake, krr, krr, mpaka nikaisikia hata kwenye sala.

"Wewe na hicho chuma, ndoa lini?"

"Huyu mke mdogo. Anakuja kukusaidia kazi."

"Aanze na vyombo."

Siku ya kuifunga, miezi imepita, fundi alimwonya, nami nawamiminia chai. "Mzee, huku juu iko nguvu ya kijana. Chini iko ya zamani, beringi zimechoka. Tufungue na chini."

"Baada ya Alhamisi," mume wangu akasema.

Alhamisi nikateremka tena kisomoni, nao wakanifuata bondeni, kisomo kimekwisha. Gari likaanza kilima kwa sauti ngeni, nene. Mjukuu anapiga makofi: "Eish, Babu! Sharp!" Katikati roboti, ndiyo taa ya barabarani kwa huku, ikawaka nyekundu. Hapo ndipo siku zote lilipokuwa linazimika. Nikashika kitasa nishuke.

"Kaa," akasema bila kugeuka.

Taa ikawa kijani, nalo likaondoka, wallahi, kama limesukumwa.

Hatukufika mbali. Ko, ko, ko, chini ya miguu yetu. Fundi akainama. "Zima, Mzee! Imenoki! Zima tuiokoe!"

Angezima, gari lingebaki pale, na mimi ningepanda kwa miguu. Hakuzima. Alilipandisha polepole, kugonga kunazidi, moshi unatufuata, mpaka mlangoni petu. Hapo likafa lenyewe. Akazunguka, akanifungulia.

"Shuka, bibi. Umefika."

Fundi alikaa kando ya barabara kashika kichwa. Walipofungua chini, beringi zilikuwa zimeyeyuka na shafti imechimbika. Miezi ile yote, kwa kipande kile cha kilima! Nilimkasirikia, na huku namchemshia maji ya kukanda mgongo.

Sasa vyuma vimerudi jikoni. Anasema safari hii wanaanzia chini. Nati ikianguka haioni. Mimi ndiye ninayeinama kuitafuta, na magoti haya haya. Nimechoka na mafuta ya taa. Nimechoka kumwambia aache. Alhamisi nasoma chumbani peke yangu.

Nikimuuliza kwa nini hakuzima, anasema hakumsikia fundi, sikio la upande ule halisikii. Fundi anasema alisikia, tena alimtazama. Mjukuu anasema mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele. Inawezekana. Lakini fundi alikaa kushoto kwake, na mimi mume wangu namsemesha kushoto miaka yote hii, kitandani na mezani, kwa sababu la kulia ndilo bovu. Mliokuwemo garini, kama nimekosea upande, nisahihisheni.