Bibi Mmoja wa Getanuwas

Juzi binti yangu aliniletea daftari lake la Kiswahili. Zoezi lilisema: andika upya habari hii kwa nafsi ya tatu. Nikamwambia akamuulize baba yake. Wewe nitakueleza sababu, yeye bado sina ubavu wa kumweleza.

Nilikulia Getanuwas, kijiji cha wafugaji, enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Asubuhi, kabla bibi hajamaliza kutikisa kibuyu cha maziwa, matrekta yalikuwa yameshaanza kunguruma, na vumbi lake tulilila pamoja na ugali. Kila msimu ngano ilisogea. Ilimeza njia ya ng'ombe, ikameza malisho, mwisho zikabaki hatua chache tu kufika kwenye kaburi la babu. Kwetu mzee wa heshima hafukiwi tu basi. Ukoo na majirani humjengea tuta la udongo kwa miezi, na mahali pale hapaguswi tena.

Mwalimu wetu aliniazima riwaya yake, imechakaa hadi jalada limetoka. Jioni nilimsomea bibi kwa kumtafsiria, naye anashona sketi yake ya ngozi. Nilipofika "aliwaza moyoni", akanikatiza.

"Nani anasema haya?"

"Mwandishi, bibi."

"Alikuwa amesimama wapi, mpaka akaona ya moyoni mwa mtu?"

Nilicheka mpaka machozi. Mwalimu alishatufundisha kwamba msimulizi wa nafsi ya tatu yuko kila mahali, na kwamba kuandika "mimi, mimi" ni utoto. Nilimwamini mwalimu.

Ndipo karani wa shamba akatangaza: mwenye kaburi alete maelezo ya maandishi kabla halijalimwa. Bibi hakujua kuandika, wala Kiswahili. Akasema kwa lugha yetu, polepole ili nisipitwe: "Mimi nilimwona akizikwa. Mimi nilibeba udongo kwa mikono hii." Nami, kwa mwandiko wangu bora kabisa, nikaandika: "Hapo zamani aliishi bibi mmoja huko Getanuwas. Alibeba udongo huku moyo wake ukilia."

Ofisini nikampa karani shikamoo na karatasi. Akasoma, akatabasamu.

"Hadithi nzuri, mwanangu. Lakini mimi nataka maelezo ya mtu aliyeona. Huyu bibi mmoja ni nani?"

Bibi mwenyewe alikuwa ameketi ubavuni pangu, mikono yake juu ya magoti. Ningeweza kusema, "Ni huyu hapa." Niliona aibu, mwanafunzi bora kukosea mbele ya watu, nikainamisha kichwa. Karani akanirudishia karatasi. Bibi akauliza amesemaje. Nikamwambia amekubali.

Trekta lilipita juma lile lile. Bibi alisimama ukingoni mwa shamba akitazama udongo uliopinduliwa, kisha akaniuliza, bila hasira, "Na wewe ulikuwa umesimama wapi?" Hakuniomba tena kumsomea kitu mpaka alipokufa.

Mwaka jana nilirudi. Yale mashamba ya serikali yalishakufa, matrekta hayapo, wazee waliobeba udongo wamekwisha. Nilitaka kumwonyesha binti yangu kaburi la babu. Nikatembea kwenye mabua ya ngano ya watu nisiowajua, huku na huku, mpaka mtoto akachoka akauliza ni wapi. Sikujua nisimame wapi.