Akiba ya Baba na Kiwanja cha Kinondoni

Enzi zetu senti ilikuwa na tundu katikati, na sie watoto wa Kinondoni tulizitunga kwenye uzi tukazivaa shingoni, chini ya gauni. Wenzangu mliozaliwa wakati wa Mwingereza mnakumbuka. Ukicheza rede zinalia, na anayekulenga mpira anajua ulipo hata kama umejibanza nyuma ya mnazi. Ndiyo ilikuwa benki yangu hiyo. Wajukuu zangu nikiwasimulia wanacheka hadi wanashika mbavu. Wao hela yao iko ndani ya simu, na kutwa nzima wanaulizana chaja iko wapi.

Kinondoni yenyewe ilikuwa minazi na mikorosho, na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, moja hapa, nyingine kule. Alfajiri mama yangu, Bi Tatu, mtu wa Kunduchi, alibandika mbaazi za nazi za kuuza, na harufu yake ikawatoa watu vitandani kabla hawajanawa uso. Kwa uani baba alikuwa ameshaanza kazi. Alikuwa seremala, wakimwita Fundi Ramadhani, na tulikua tukicheza ndani ya maranda ya mbao zake. Mpaka leo nikipita penye karakana nasimama kidogo kunusa mninga.

Jirani yetu alikuwa Mwalimu Yohana, aliyekuja pwani kutoka Songea na mkewe na binti yao Anna, rika langu. Sijaona tena wanaume wawili waliopendana vile. Baba alisoma msahafu lakini herufi za Kizungu hakuzijua, kwa hiyo kila jioni Mwalimu alikuja na gazeti akamsomea huku yeye akipiga randa. Penye jambo la ajabu baba alisimamisha mkono akasema, "Hebu rudia hapo, Mwalimu." Mie na Anna tulikuwa chini, tunacheza mdako, tunasikiliza habari za dunia bila kuelewa hata moja.

Nyumba ilikuwa yetu, lakini ardhi ilikuwa ya Bi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyerithi lile shamba la minazi kwa wazee wake. Tulimpelekea kodi ya kiwanja kila mwezi. Alikuwa amemwahidi baba kwamba siku akiamua kuuza, atamwambia yeye kwanza. Baba aliishi kwa ahadi hiyo. Kila kitanda alichouza, alitoa kitu akaweka kando.

Swali lilikuwa aweke wapi. Mwalimu alikuwa akipeleka sehemu ya mshahara wake posta, mjini, kwenye akiba. Akamweleza baba kwamba posta haitamtajirisha, ila hela yake ataikuta, na juu yake atakuta kidogo kilichozaa. Hicho kilichozaa ndicho kilichomkwaza baba. Aliona ni riba, na riba hakuitaka nyumbani kwake. Mama alimsihi aweke chake, achukue chake, hicho kidogo awaachie wenyewe. Nakumbuka sauti ya baba alipomjibu, akimwita kwa jina langu, haikuwa ya hasira.

"Mama Zuhura, nikishaiona itanitamanisha. Bora nisiione kabisa."

Basi akawa anampa mwenye duka la pembeni amtunzie. Msicheke, wengi walifanya hivyo. Yule mzee alikuwa mwaminifu, mtaa mzima ulimwamini, na hakumwandikia mtu karatasi kwa sababu hakuna aliyeiomba. Baba akapeleka miaka na miaka.

Kisha yule mzee akaugua ghafla, jamaa zake wakamchukua kumpeleka kwao, na baada ya muda tukasikia amefariki. Wadogo zake walikuja kufunga duka. Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda. Wakampokea vizuri, wakamkalisha, wakamuuliza kama ana maandishi yoyote, kwani mwenye maandishi wangemlipa siku hiyohiyo. Hakuwa nayo. Walisema hawamwiti mwongo, lakini waliofika wakidai ni wengi, na wao hawana njia ya kumjua mkweli. Baba alirudi akakaa uani, mikono mapajani. Siku hiyo randa haikulia.

Haukupita muda, Bi Mwanahawa akaumwa macho akataka kuuza haraka. Alitimiza ahadi: alimwambia baba kwanza. Baba akamwambia hana. Kulikuwa na tajiri wa mjini aliyekitaka kile kiwanja, na sote tulijua akikipata tutaondoka. Hapo Mwalimu alikwenda posta, akatoa akiba yake karibu yote, akakinunua yeye. Jioni alikuja bila gazeti.

"Fundi, nimekinunua ili msihamishwe," alisema. "Kaeni. Kodi sitaki. Siku ukijaliwa utanirudishia hela yangu, nami nitakurudishia kiwanja chako."

Baba aliweka randa chini. Mama alikuwa mlangoni na upawa mkononi, akimwangalia baba, akimwombea akubali.

"Umenifanyia wema mkubwa, Mwalimu," baba akasema. "Lakini siwezi kukaa kwako kila siku nikikutazama usoni. Nitashindwa kukwambia hata urudie habari."

Mwalimu alimsihi, mama akamsihi. Hakusikia. Mwezi ule ule tulibeba vitu kwa mkokoteni tukahamia Temeke, chumba cha kupanga. Anna alitusindikiza mpaka ilipoishia minazi. Nilivua uzi wangu wa senti nikampa, naye akanipa kitana chake. Tuliahidiana kutembeleana. Temeke na Kinondoni si mbali, lakini kwa mtoto wa kike asiye na nauli ilikuwa kama nchi nyingine.

Juma lililofuata mama alivaa buibui akapanda basi kwenda posta na hela ya mbaazi. Alimwomba karani asimwekee kile kinachozaa, na karani akamjibu kwa upole kwamba si yeye wa kwanza kuomba hivyo. Alikwenda kila mwezi, mvua au jua. Zilipojaa kidogo akanunua minazi michache Mbagala, nazi zake akauza, hela akarudisha posta. Pole pole vile, bila kelele, alinunua kiwanja Temeke nikiwa mwari. Baba aliezeka paa mwenyewe. Siku alipopigilia msumari wa mwisho alishuka, akaosha mikono, akamwambia mama, nikiwepo, "Ningemsikiliza Mwalimu mara ya kwanza, ningekuwa na kiwanja. Ningemsikiliza mara ya pili, ningekuwa naye."

Mama alimwambia Kinondoni hakujahama, aende. Alikuwa akisema ataenda wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo haikufika mpaka akafariki.

Mwalimu alikuja mazikoni, kichwa kimeshakuwa cheupe. Alisimama pembeni, hajui kama anaruhusiwa. Kaka yangu alipomwona akampa jembe, naye akavua koti akafukia pamoja na wengine, machozi yakimdondoka, na hakukubali kupokelewa jembe mpaka kaburi likajaa.

Leo Kinondoni ni maghorofa, na vijana wanaweka akiba wakiwa wamelala kitandani, kwa kidole. Wana mifuko ya uwekezaji na hati fungani, hata benki zisizotoa riba zipo, ambazo baba angezikimbilia. Nafurahi kwa ajili yao. Mjukuu wangu mmoja alipiga hesabu ya kile kiwanja kingekuwa na thamani gani sasa, akashika kichwa, akaniuliza kama sijutii. Nikamwambia najuta sana. Akadhani tunazungumzia kiwanja.