Mimi Nitakuwa Ubao

Punda akilia, Mwislamu husema audhubillahi, kwa kuwa tumefundishwa kwamba kamwona shetani. Sasa fikirieni maisha ya mama yangu mkubwa, Awa, aliyefuga punda wawili katikati ya kijiji chetu cha Olumbi. Kila asubuhi punda wake Ndimu alipofungua kinywa, majirani walijibu kutoka nyuma ya nyua zao, huyu audhubillahi, yule audhubillahi, na Mama Awa akawapigia kelele: "Na maji mtakunywa!" Maana maji yao yote yalitoka kisimani migongoni mwa mashetani hao hao.

Walikuwa punda wafupi, mgongo unamfikia mtu mzima kiunoni. Ndimu ndiye mama, Chumvi mwanawe. Suleimane, mume wa Mama Awa, aliwaleta kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na alipochekwa alicheka pamoja na wanaomcheka. Mkewe hakuwa mtu wa kucheka. Yeye alikuwa mtu wa kujibu.

Vita vilipofika kwetu, Suleimane alikuwa na mguu mbovu. Mwenye mguu mbovu akapandishwa lori, wenye miguu mizima tukatembea, na punda wakawabeba wanangu. Njiani lori lilijaa, wakamshusha. Wakamwambia, subiri hapo mzee, gari nyingine inakuja. Waliomwona wakati ule wanasema alikaa juu ya furushi lake, ametulia kabisa. Mpaka leo hatujui alichukuliwa na nini.

Tukaishi miaka kambini Metuge, tumepangana kwenye mahema kama dagaa. Mama Awa alichota maji kwa punda wake, na kila mtu akamwambia auze, achinje, ale. Hakuuza, hakuchinja. Alisema punda hawa watarudi Olumbi, na yeye atarudi nyuma yao akiwachapa. Wengine walimwambia Olumbi hakuna mtu tena, ni majani matupu. Hapo aliwageukia punda wake, na mimi nilijua kwamba neno hilo limemwingia.

Ndipo akaja Virgílio, kijana wa Beira mwenye viatu vya kung'aa, aliyepewa kazi ya kupeleka farasi watatu kwenye hoteli moja ya ufukweni huko Palma. Aliwaweka kwenye uwanja karibu na kambi yetu, na maji yao akaleta Mama Awa. Farasi mmoja, jike la rangi ya kahawia, akampenda Chumvi. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, alimpenda tu. Siku ya safari hilo jike lilikataa katakata kuingia kwenye trela. Walivuta, walisukuma, walimwomba kwa Kireno. Mama Awa akampandisha Chumvi, na farasi akapanda nyuma yake mwenyewe kama bibi arusi. Basi wakapatana: punda wanapanda, wanamtuliza farasi, na wanashuka kwao Olumbi, nasi wawili pamoja nao, wanangu wakibaki kambini kwanza.

Farasi waliwekwa mbele, punda nyuma, katikati ubao mnene, kwa sababu teke moja la farasi linatosha kumvunja mguu punda wa kimo kile. Njia ya Macomia ilikuwa mbovu, tukazunguka Montepuez na Mueda. Safari ndefu, vumbi mpaka kwenye meno. Cassimo, dereva wetu, mtu wa Quiterajo asiye na maneno mengi, aliendesha polepole. Tatizo likawa Ndimu. Kutoka Mueda alikuwa akipitisha mdomo kwenye upenyo wa ubao na kumng'ata mkia farasi dume, na dume akawa anajibu kwa mateke. Tulipofika Diaca, ubao ulikuwa umepasuka vipande viwili.

Virgílio alikagua miguu ya farasi wake, akajifuta jasho. "Dona Awa, não dá," akasema, yaani haiwezekani. Mengine aliyasema kwa Kireno tupu, nikamtafsiria Mama Awa, ingawa alikuwa ameshaelewa: punda wabaki hapa Diaca kwa wenyeji, gari nyingine itawaleta.

Heri angechagua maneno mengine yoyote duniani; hayo ndiyo aliyoambiwa Suleimane.

Mama Awa hakupiga kelele. Alipanda kwenye trela, akavua kanga yake ya juu, akavifunga vipande vya ubao pamoja, kisha akasimama katikati, mgongo kwa farasi, uso kwa punda.

"Mwambie, punda wangu hawashuki hapa," akaniambia.

"Mama, huyo dume atakupiga teke."

"Ubao umevunjika? Mimi nitakuwa ubao. Mwambie Cassimo atie moto."

Virgílio alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa huyu mwanamke. Nikamwambia, bosi, tutalala hapa kama unataka, lakini hatashuka. Cassimo alikuwa ameshawasha injini.

Alisimama hivyo tangu Diaca, tukapita Mocímboa, hakukubali kupokezana nami. Alipigwa teke la paja mara moja, nikasikia akimtukana farasi matusi ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Nilikasirika, nikalia, nikaona fahari, yote kwa pamoja.

Alasiri tukasimama Olumbi. Virgílio aliteremka, akamtazama jike lake lililogeuka na kulaza shingo juu ya ubao, pua kwenye manyoya ya Chumvi, na mara akabadilika. Sasa akasema punda wasishuke. Twende nao mpaka Palma, farasi azoee zizi, kesho atawarudisha.

"Kwa gari gani?" Mama Awa akauliza, kwa Kireno, cha kwanza nilichomsikia akikisema safari nzima. "Gari nyingine?"

Virgílio akasema mambo ya mkataba, mambo ya wakubwa wake. Mama Awa alikuwa anachechemea, vumbi limemgeuza mweupe. "Ulipotaka washuke, hawakushuka. Sasa wanashuka. Mimi ndiye ninayejua kwao."

Cassimo alitoka, akazunguka nyuma, akafungua mlango wa trela bila kuagizwa na mtu.

Punda waliposhuka, yule farasi jike alilia vibaya sana. Mama Awa akarudi, akachukua gunia ambalo Chumvi alilalia njia nzima, akalitundika mbele ya pua yake. "Wewe mwanangu una Palma yako," akamwambia. Akamkanda shingo kidogo, kisha akaondoka bila kugeuka.

Nyumba yetu haikuwa na paa. Mlango ulikuwa umekwenda, majani yalikuwa yamefika dirishani. Njia nzima ya kuingilia hatukukuta mtu, ila nyua za makuti na kimya. Ikiwa ni kweli majirani wameisha, tumekuja kufanya nini? Akawafunga punda kwenye nguzo iliyobaki, akakaa chini, akashika paja lake lililovimba.

Ndimu akainua kichwa, akanusa hewa, akalia. Alilia kwa sauti yake yote, ile mbaya.

Nyuma ya uzio wa pili, mwanamke akasema, "Audhubillahi!" Ng'ambo ya njia akaitikia mzee. Halafu mwingine, mbali, upande wa kisima.

Mama Awa alisimama kwa mguu mmoja, machozi yanamtiririka, akajaza mapafu.

"Na maji mtakunywa!"