Petrol station kubwa ya Garissa na maziwa yangu yaliyonukia kama bwana harusi

Wakuu, asalaam aleikum kwa wanaoitikia, na wengine hamjambo.

Nimesoma humu watu wakizisifia hizi petrol station kubwa za highway, zenye mikahawa, vyoo vinavyong'aa na bembea za watoto. Sikatai. Nikisafiri nami naingia. Ila huwa nazunguka kwanza, naangalia nani anashika nini, ndipo nikae. Wanangu hunicheka.

Leo nawapa sababu. Nitaandika kilichonipata kama kilivyokuwa, na nikifika mahali nimesahau nitasema nimesahau.

Ni miaka ya tisini, Garissa.

Mimi ni kifungua mimba. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nikaachiwa wadogo watatu, wa mwisho akiwa Habiba. Nikatoka shule darasa la sita. Sikufukuzwa, nilitoka mwenyewe, kwa sababu mtu alitakiwa kuwasha moto nyumbani.

Adeer, yaani ndugu ya baba, alitaka kutugawa. Mmoja aende Habaswein, mmoja Hulugho, Habiba abaki kwake. Hakuwa mtu mbaya. Aliona msichana hawezi kulea watoto watatu.

Nikamwambia, "Adeer, tukigawanywa hatutakuwa ndugu tena, tutakuwa wageni wa watu."

Akajibu, "Haya. Mkila, mtakaa pamoja. Siku nikikuta hamna chakula, nawabeba."

Kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa hiyo moja: adeer asipate sababu.

Nilikuwa nauza maziwa ya ngamia kando ya barabara ya kwenda Habaswein. Wafugaji walinishushia asubuhi kwa madumu, nami nikayamimina kwenye dhiil ya mama, chombo kikubwa cha kusuka. Tulikuwa wanawake wanne pale, kila mtu na wateja wake. Wangu walikuja kwa sababu ya moshi.

Kwa wasiojua: chombo cha maziwa kwetu hakioshwi kwa sabuni. Unatia ndani makaa ya moto, unatikisa moshi uingie kila pembe, unakung'uta majivu, ndipo unamimina. Moshi huo ndio usafi wenyewe, na ndio utamu. Chombo kisichofukizwa ni kichafu hata kikiwa cheupe kama meno.

Basi ikaja petrol station.

Mjini tulizoea pampu mbili, na moja ilizungushwa kwa mkono. Hii ilikuwa na pampu nane! Paa lake refu hadi lori lenye watu juu ya mizigo lilipita chini bila mtu kuinamisha kichwa. Ukuta pande zote. Mkahawa, friji, chumba cha kuswalia, fundi wa magurudumu, na bomba la maji baridi ya bure.

Maji ya bure, wakuu. Garissa. Wakati wa kiangazi.

Mwenye kituo hatukuwahi kumwona, tuliambiwa yuko Nairobi. Sisi tuliokaa kando ya barabara tuliulizana kila siku: huyu anatafuta nini hapa? Ngamia hawanywi petroli. Wako waliosema ni ghala la magendo. Wako waliosema anataka kuchukua ardhi hadi mtoni. Mimi niliamini yote mawili.

Lakini haki isemwe. Choo cha wanawake kilikuwa cha heshima. Kabla ya hapo mama aliyetoka Mandera alijizuia hadi Garissa au akatafuta kichaka huku abiria wote wakimsubiri. Mimi mwenyewe niliswali mle, nikanywa yale maji, na nikafurahi. Hiyo ndiyo shida ya mahali kama pale. Unafurahi kwanza.

Siku hizo barabara ilikuwa na majambazi, magari yakienda kwa msafara na askari. Zamani msafara ulijipanga mbele yetu. Sasa ukajipanga ndani ya ukuta, na ukitoka umetoka, hausimami. Ndani ya wiki moja tukabaki tunatazama vumbi.

Meneja akaja kutuona. Alikuwa Mkamba, tulimwita Bwana Mutiso, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Akina mama, leteni maziwa kwa friji yangu. Wateja wote wako ndani. Lakini moto, hapana."

"Na chombo tutafukiza wapi?" nikauliza.

"Dada, hapa chini kuna mafuta. Ukiingia na makaa, sisi wote tutaamkia mbinguni."

Wenzangu wakacheka, wakakataa. Mmoja akaniambia, "Abaayo, dada yangu, mtu akikupa kivuli bure, angalia anakaa upande gani."

Mimi nikamfikiria adeer, nikakubali. Niliiacha dhiil ya mama kwenye friji yake, nikawa napeleka madumu kila asubuhi na kumimina. Jioni, alisema, wewe nenda kwa wadogo zako, chombo nitakiangalia mimi.

Kwa nini akiangalie yeye? Swali hilo sikulitoa mdomoni. Nililitia moyoni likaota.

Siku ya kwanza maziwa yaliisha kabla ya adhuhuri. Ya pili pia. Siku ya tatu Dakane, dereva wa lori la Mandera na mteja wangu wa siku zote, akanywa funda moja akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Abaayo," akasema, "hii maziwa leo inanukia bwana harusi."

Mkahawa mzima ukacheka. Mwingine akadakia kwa lafudhi yetu isiyo na p, "Bole bole, Dakane, utaalikwa!"

Mimi nikaungua uso. Nilidhani wanasema kuna jambo kati yangu na Bwana Mutiso. Msichana yatima, anaacha chombo chake kwa mwanamume, unadhani watu watasema nini? Sikumuuliza Dakane alimaanisha nini. Nilitoka.

Siku ya nne wateja wangu nusu walikunywa chai. Ya tano, karibu wote. Maziwa yakaganda kwenye dumu, tukala hayo hayo nyumbani asubuhi na jioni. Habiba akauliza kama wali umehama.

Nikajua tu, Bwana Mutiso anatia maji. Bomba la bure si liko hatua tatu kutoka kwenye friji? Nikachovya kidole nikaweka tone juu ya ukucha, kama mama alivyonifundisha. Maziwa yenye maji hutiririka. Tone likasimama imara.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema, huyu ni fundi, ana dawa ya kuficha maji.

Adeer akafika Jumatano, akafunua sufuria, akaifunika. "Habiba ataenda na mimi hadi mambo yako yakae sawa."

"Nipe hadi Ijumaa, adeer."

"Ijumaa basi. Baada ya swala."

Alhamisi nilisimama katikati ya mkahawa, msafara wote ukiwa umejaa, nikamwita Bwana Mutiso mwizi. Nikasema anatia maji, anaua jina langu, anakula jasho la yatima. Yeye akaingia jikoni.

Sikuridhika. Saa kumi nikarudi bila kubisha, nikapitia mlango wa nyuma.

Nikamkuta amekunja mikono ya shati, dhiil ya mama kati ya magoti, anaisugua kwa brashi na sabuni ya unga yenye harufu ya maua. Povu hadi kwenye viwiko. Anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani, wa huzuni.

"Unafanya nini na chombo cha mama yangu?"

Akaruka. "Naosha! Siku tano nasugua! Hii uchafu nyeusi ndani haitoki. Kwani mlipika lami?"

Wakuu, sikujua nilie au nicheke. Miaka ya moshi wa mama, mtu alikuwa ameiondoa kwa bidii na kwa moyo safi. Ndiyo maana ya bwana harusi: sabuni!

Nilimweleza. Akatazama brashi.

"Si ungeniambia," akasema.

"Si ungeniuliza."

"Na wewe si ungeniuliza, kabla ya kuniita mwizi mbele ya watu?"

Nikabeba dhiil ikiwa inadondosha povu, nikakesha naifukiza. Mara sita, saba, sikumbuki. Asubuhi ilikuwa na moshi tena, si wa mama lakini moshi.

Nikarudi kando ya barabara, nje ya ukuta. Nilikuta Bwana Mutiso na fundi mmoja wanabomoa matofali. Wametoboa ukuta mkabala na sisi, upana wa mlango.

"Moto ubaki nje," akasema bila kunitazama. "Watu watatoka."

Walitoka. Dakane wa kwanza. Alinusa, akanywa, akageuka akawaita wenzake kwa Kisomali kwa sauti ya mtu anayeuza maziwa yeye. Adeer alipokuja baada ya swala alikuta foleni, akasimama mwisho wake kama mtu yeyote, akanywa bakuli zima. Aliondoka peke yake. Habiba alilala nyumbani, na hatukuwahi kugawanywa.

Unadhani nilimshukuru Bwana Mutiso? Miezi kadhaa nilijiuliza anataka nini na ule mlango.

Kisha mwenye kituo akatuma watu kutoka Nairobi. Wakauona mlango, wakasema hauko kwenye ramani. Ukazibwa siku hiyo hiyo, na Bwana Mutiso akahamishwa. Nilisikia siku mbili baadaye. Sikuwa nimemwomba msamaha, na sijui yuko wapi.

Abiria walikuwa wameshazoea. Walizunguka kwa lango kuu kwa miguu, juani, kuja kwetu.

Nilichojifunza ni hiki. Mahali pakubwa panakupa choo, kivuli na maji, lakini panaamua usimame wapi, na mwenye kuamua huwa hayupo. Kuwa macho. Ila macho yangu yote niliyaelekeza kwa mtu mmoja aliyekuwa karibu, kwa sababu karibu ndiko mkono wangu ulikofika. Yule aliyeziba mlango sikuwahi hata kujua jina lake nimshuku.

Mliofanya kazi ndani ya vituo vile, semeni ya upande wenu. Na kama kuna Mkamba mzee humu aliyewahi kusugua dhiil siku tano, aniandikie. Nina neno moja la kumwambia.