Jalada la Likwata

Bakari bin Mfaume alikuwa karani wa boma moja la pwani kwa miaka tisa, na mwandiko wake ulisifiwa hadi Lindi. Siku hizo kesi za jinai zilimfika shingoni bwana shauri, Mwingereza mtawala wa wilaya. Lila na fila havitangamani, husema watu, lakini mle mahabusu vilitangamana: mwizi wa kuku na muuaji walingoja foleni moja. Mwingereza alipochoka akaamua kuweka mahakimu wenyeji huko vijijini wapunguze mzigo, na Bakari akapelekwa Kikole. Alipewa meza, mhuri, wazee wawili wa baraza, tarishi aitwaye Klementi, na sanduku la majalada yaliyolala. Nyumbani wakamsomea dua.

Alijua jalada lililokuwa chini kabisa ndani ya sanduku lile. Likwata, mkulima wa Kikole, alishtakiwa kuiba gunia la ufuta la jirani yake Severini. Alikaa mahabusu miezi saba akingoja siku yake, akafia humo kwa ugonjwa wa kifua. Chumba cha mahabusu kilipakana na ofisi ya makarani, na Bakari alimsikia akikohoa miezi yote saba. Sasa alimsikia hata huko Kikole. Mahakama mpya ya miti na udongo haikupakana na chumba chochote, ila kila akichovya kalamu, ukuta ulikohoa. Akajiambia ni mbuzi. Mbuzi gani huyo, asiyekohoa mpaka hakimu aketi?

Jumatatu ya tatu alikuja mwanamke mtu mzima aliyevaa kaniki, akakaa benchi la mbele mpaka kesi zikaisha. Klementi alipofunga daftari, akasimama. Alikuwa Mwahija, mjane wa Likwata.

"Mume wangu hamjamwita."

"Pole, mama. Kesi ya marehemu haisikilizwi. Ndivyo sheria inavyosema."

"Akiwa hai hamkumwita. Na amekufa pia hamtaki?"

Jumatatu iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Bakari akakonda. Angeweza kuandika tu, "mshtakiwa amefariki", mambo yakaisha. Lakini Likwata angeweza kutoka mapema, na aliyemchelewesha ni yeye, Bakari. Kulifunga jalada ni kumwacha marehemu na jina la mwizi. Kulisikiliza ni kujivua nguo mbele ya watu, na uhakimu huenda ukaenda nazo. Aliogopa, tena sana.

Jumatatu ya sita kikohozi hakikunyamaza hata kidogo.

"Klementi," akasema, "mwite Likwata."

Klementi alimkodolea macho, kisha akaenda mlangoni akaita mara tatu, kama ilivyo kawaida. Watu waliokuwa nje wakasogea mlangoni. Mara ya tatu Mwahija akajibu, "Yupo."

Severini, aliyekuwa kati ya watu hao, akaitwa akaapishwa, mzee wa watu.

"Gunia halikuibwa, Bwana Hakimu. Mke wangu alilipeleka kwa ndugu zake bila kuniambia. Nilipojua, nilishuka pwani mara mbili nilifute shitaka. Karani akaniambia kazi ni nyingi, njoo wiki ijayo."

"Karani gani?" akauliza Mwahija.

Severini akainama. Adabu ilimziba mdomo.

"Ni mimi," akasema Bakari.

Akaandika kwamba Likwata hana hatia, akagonga mhuri. Mwahija hakuondoka.

"Wafungwa ndio waliomzika," akasema. "Hapakuwa na mtu wa kumshuhudia."

Bakari alielewa, Mwislamu yeyote angeelewa. Akasimama, akawauliza watu wote kama imamu aulizavyo mbele ya jeneza: "Mnamshuhudiaje Likwata?"

"Mtu mwema," wakajibu, Severini Mkristo akiwatangulia.

Mwahija akafuta uso kwa pindo la kaniki.

"Ahsante, mwanangu. Na wewe, siku yako, tukushuhudieje?"

 Bakari akawatazama wazee wa baraza, nao wakatazama chini. Klementi, kwa haya, akaenda mlangoni kuita kesi nyingine.