Unywele wa Daktari Oberhaus

Verlin Oberhaus alikuwa amechoka tangu Machi, na sasa ilikuwa Septemba. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umepona. Kila asubuhi alisimama kwenye sinki, akaimwagia mikono yake maji ya moto, akaisugua, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vikabaki na ganzi ile ile. Hakumwambia mtu. Atamwambia nani, katika mji mdogo wa Missouri ambako hata muuza donati anajivunia kwamba mgongo wake ulinyooshwa na Oberhaus?

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kutibu kwa mikono: kupapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, kutafuta palipokaza, kupalegeza. Miaka thelathini na minane. Mwanafunzi akisema amehisi kitu, Verlin huweka kidole chake pale pale, akakubali au akakataa, na hapana mashine ya kumsahihisha. Ndiyo maana barua ya mkuu wa chuo, ya kumwomba aongeze mwaka mmoja, ilikaa wiki mbili kwenye droo bila saini. Mwalimu asiyehisi atapitisha mikono mibovu, na mikono hiyo itashika shingo za watu. Alilijua hilo fika. Lakini bila meza zile za kutibia angekuwa nani?

Jumatatu hiyo alianza kama anavyoanza kila mwaka na wanafunzi wapya.

"Mwili ni kitu kimoja," alisema, sauti imemkauka. "Mtu akija analia na goti, usimtazame goti peke yake. Umbo likiharibika, na kazi inaharibika. Tena mwili una dawa yake ndani. Ninyi mnaondoa kizuizi tu, halafu mnakaa pembeni. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Daktari."

"Hamjanielewa. Mtaelewa mkizeeka."

Wakaangua vicheko. Verlin naye akang'oa unywele mweupe kichwani mwake, akainama kuulaza mezani, akafunika kwa karatasi tatu za kitabu cha simu. Zoezi lenyewe ndilo hilo: upapase juu ya karatasi mpaka uujue unywele ulipo.

Wa kwanza alikuwa Dwayne Pruett, kijana wa mdomo mwingi. Akafumba macho kama yuko kanisani. "Huu hapa, unakwenda hivi."

Verlin aliweka kidole. Hakuhisi chochote, lakini hilo halikuwa jambo jipya. "Ndiyo," akasema. "Hapo hapo."

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Tisa wengine wakapita, na wote tisa wakauona unywele pale alipouona Dwayne. Lisemwalo lipo, walisema wahenga, na nadhani siku hiyo wangeona haya.

Wa mwisho alikuwa Marlys Tieman, binti wa wafuga ng'ombe, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipapasa, akarudia, akapapasa tena.

"Dada, tutakula chakula cha mchana kweli?" Dwayne akamchokoza. "Au ulizoea viwele vya ng'ombe tu?"

"Viwele havidanganyi," Marlys akajibu. Kisha akamgeukia mwalimu, shingo imemwiva kwa aibu. "Samahani, Daktari. Hapa hapana unywele."

Verlin akafunua karatasi. Meza ilikuwa tupu. Unywele ulikuwa umenasa kwenye mkono wa koti lake, ulipoponyoka katika vidole visivyohisi.

Dwayne akapiga makofi. "Aisee! Mzee katutega!"

Wote wakacheka, wakamtazama kwa heshima mpya. Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi kabisa. Angetabasamu tu, angekuwa mjanja wa kusimuliwa miaka ishirini, na barua ingepata saini yake. Mungu anajua alivyotaka kutabasamu. Lakini Marlys hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono ya mwalimu.

"Sikuwatega," Verlin akasema. "Mimi mwenyewe nilidhani upo. Vidole hivi vina ganzi tangu Machi. Nimewaambia 'ndiyo' mara kumi, na zote ni uongo. Wiki hii mtatafutiwa mwalimu mwingine."

Akakaa ukingoni mwa meza.

"Daktari," Marlys akasema taratibu, "kuna mtu amekushika shingo?"

"Shingo ya nini? Ni vidole."

"Si umetuambia mwili ni kitu kimoja? Mishipa ya vidole inaanzia shingoni."

Verlin akalala chali mezani. Mikono ya yule binti ikaingia chini ya kisogo chake, mizito kidogo, bila haraka, ikapanda na kushuka, ikasimama.

"Hapa," akasema. "Kushoto. Pamekaza vibaya, Mwalimu."

Alikuwa sahihi, na Verlin alilijua hilo bila kuhitaji vidole. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu kumshika, akashindwa. Basi machozi yakamtoka, yakateremka mpaka masikioni, na hakuyapangusa.